Ufunguo Uliokuwa Mfukoni Mwangu

Jumapili iliyopita nilimtuhumu mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 9, kwamba ameuchukua ufunguo wa kabati na kuuficha. Tulikuwa tumechelewa ibada, nami nilikuwa nimepangiwa kusoma somo la kwanza siku hiyo, hivyo niliutafuta ufunguo huo kwa hasira ya mtu anayeogopa kuaibika mbele ya watu. Kwa kuwa majuma machache kabla yake nilimkuta akiuchezea, sikujipa taabu ya kuuliza. Nilimwita mbele ya dada yake na mdogo wake, nikamwamuru autoe.

"Sikuuchukua, Baba," alisema.

Nikamjibu kwamba sasa anaongeza uongo juu ya wizi. Hakulia wala hakubisha. Aligeuza mifuko ya suruali yake nje, mmoja kisha mwingine, mpaka vitambaa vyake vyeupe vikaning'inia mapajani, akasimama hivyo akinitazama, ili nione mwenyewe kwamba hamna kitu. Nilimwambia atangulie kutoka.

Somo nililisoma vizuri, na watu wawili walinipongeza. Ulipofika wakati wa matoleo nilitia mkono katika mfuko wa ndani wa koti ili nitoe sadaka, na kitu cha kwanza vidole vyangu vilichogusa kilikuwa ule ufunguo. Niliutia humo mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo.

Yapo maneno katika Mathayo 5:23-24 ambayo nimeyafundisha wengine mara nyingi: ukileta sadaka yako madhabahuni, na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende kwanza ukapatane naye. Hayakuwa maneno mepesi kwa walioyasikia mara ya kwanza. Yesu aliyasema Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, umbali unaozidi kilomita 100, mwendo wa miguu wa siku tatu hivi. Mtu aliyekumbuka kosa lake akiwa hekaluni alikuwa anaambiwa amwache mnyama wake hapo, arudi nyumbani kote kule, apatane, kisha aianze safari upya. Mwanangu alikuwa ameketi safu mbili mbele yangu, nami ningeweza kuinyoosha mikono tu nikamgusa bega. Sikufanya hivyo. Niliitoa sadaka yangu, nikarudi kuketi, nikaimba.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikitunga sentensi, na jambo hilo ndilo lililonitisha zaidi nilipolitafakari baadaye. Sentensi ya kwanza ilikuwa, "Ufunguo umepatikana." Lugha yetu inaturuhusu kusema hivyo bila kumtaja aliyeupoteza wala aliyeupata, kana kwamba ufunguo ulitembea wenyewe ukarudi. Ya pili ilikuwa, "Tusameheane." Ni neno zuri, nami sitaki kulidharau, kwa maana wapo wanaokoseana kweli na wanahitaji kusameheana. Lakini mtoto huyu hakuwa amenikosea lolote. Kumwambia tusameheane kungekuwa kumbebesha nusu ya kosa ambalo lote lilikuwa langu, na kwa umri wake angeubeba mzigo huo bila kuuliza. Sentensi ya tatu ilianza vizuri, ikaharibika katikati: "Nisamehe, lakini wewe nawe ulikuwa umeuchezea siku ile."

Nimesali tangu utotoni, na sikuwa nimewahi kuona jinsi neno "nisamehe" peke yake, bila kitu cha kuliegemeza, linavyokuwa zito mdomoni mwa mtu mzima anapolisema kwa mtoto. Kwa Mungu nalisema kila usiku, nikiwa nimefumba macho.

Nilimkuta chumbani akivua viatu. Nilikaa sakafuni ili macho yetu yalingane, nikamwonyesha ufunguo, nikamwambia ulikuwa katika koti langu, kwamba nilimwita mwongo naye alikuwa akisema kweli, na kwamba namwomba anisamehe. Aliutazama ufunguo kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kisha akasema, "Sawa, Baba. Na wao je?"

Sikuelewa mara moja. Alikuwa akimaanisha dada yake na mdogo wake, waliomsikia akiitwa mwizi na ambao hawakuwepo chumbani kusikia kwamba siye. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 6, imeagizwa kwamba aliyemdhulumu mwenzake arudishe kitu chote kikamilifu, aongeze na sehemu ya tano juu yake, ndipo alete sadaka yake ya hatia. Mtoto wa miaka 9 hajaisoma sura hiyo, lakini alijua kwamba jina lake lilichukuliwa mbele ya watu na mimi nilikuwa nikimrudishia kwa siri. Jioni, tulipoketi sote mezani, niliyarudia maneno yale yale mbele ya mama yao na watoto wote. Binti yangu aliacha kula. Mdogo wao akauliza kama baba naye husema uongo, nikamjibu kwamba sikusema uongo, ila nilihukumu bila kujua, na kwamba aliyeumizwa haoni tofauti kubwa.

Paulo anawaonya akina baba katika Wakolosai 3:21 wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Zamani nilidhani onyo hilo linawahusu wanaume wakali, wanaopiga.

Ningependa kuandika kwamba mambo yaliishia mezani pale. Juzi asubuhi nilikuwa nikitafuta miwani yangu, nikipita huku na huku nikijisemea, wala sikuwa nimekasirika. Nilipogeuka nilimwona amesimama mlangoni, mifuko yake yote miwili ameishaigeuza nje. Nilipiga magoti mbele yake, nikairudisha ndani, mmoja kisha mwingine, na nilipomaliza tukaitafuta miwani pamoja.