Maziwa Niliyoyakata kwa Makusudi

Mama yangu aliuza chai ya maziwa na maandazi pale Morogoro, na nyumbani kwetu neno "yamekatika" lilikuwa msiba mdogo. Maziwa yakikatika asubuhi hakuna chai, hakuna mauzo, na aliyesahau kuyachemsha usiku anajijua.

Kwa hiyo Jumapili ya tarehe 9 Desemba 2012, jikoni huko Pune, India, nikiwa nimeshika nusu limao juu ya sufuria ya maziwa yanayotokota, mkono uligoma kwanza.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nilipanga chumba Kothrud kwa mama mmoja mjane tuliyemwita Kaku, kama Wamarathi, wenyeji wa huko, wanavyomwita mke wa baba mdogo au mama yeyote wa makamo. Sharti la nyumba yake halikujadiliwa: nyama, samaki na mayai haviingii, hata vikiwa vimefungwa kwenye mfuko. Na siku hiyo Watanzania wenzangu watano walikuwa waje kula sikukuu ya Uhuru kwangu, maana zamu ilikuwa yangu. Pilau bila nyama sikuthubutu. Nikachagua palak paneer, mchuzi wa spinachi na jibini, niliokuwa nimeula mara nyingi kwenye migahawa ya Fergusson College Road nikadhani naujua. Rafiki yangu mmoja wa Mwanza alipoambiwa kwa simu aliuliza, "Uhuru au Kwaresima?"

Nikakamua limao. Maziwa yakafanya kile kile kilichokuwa kikimtoa mama machozi: mabonge meupe juu, maji ya kijani-manjano chini. Nikachuja kwa kitambaa, nikakandamiza kwa sufuria iliyojaa maji, nikasubiri. Lita mbili zilinipa bonge gumu lisilozidi ngumi zangu mbili.

Kaku akaingia, akalibonyeza kwa kidole. Likarudi kama raba. Hakusema kitu, aliinama kwenye ndoo ya taka, akatoa pakiti ya maziwa, akaisoma kwa sauti. Mafuta asilimia 1.5. Mwanafunzi nilikuwa nimenunua ya bei ndogo kuliko zote.

"Beta," yaani mwanangu, "hili ni la kuchezea kriketi," akasema. Akanituma maziwa ya nyati wa kufugwa, yaliyojaa mafuta, lita mbili nyingine. Hayo yalipokatika, bonge lilikuwa laini, linakatika kwa kisu bila kumeguka.

Spinachi haikunisumbua sana. Desemba kule kuna baridi na palak imejaa sokoni, majani laini, si yale mapana yenye bua nene jeupe tunayoyaita spinachi nyumbani. Unayachovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili, unayahamishia kwenye maji baridi yabaki kijani, kisha unayasaga na pilipili mbichi. Bizari nyembamba kwenye mafuta hadi ipasuke, kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, halafu majani yako. Mwishoni Kaku alisugua viganjani majani makavu ya uwatu, ambao mimi nilikuwa naujua kama mbegu tu, na jiko zima likanukia mgahawa. Kumbe siri ilikuwa hiyo.

Huku akikoroga aliniambia chakula hiki wala si chao, ni cha Wapunjabi. Wao majani hayo huyapika na dengu na karanga. Karanga! Nikamwambia na sisi tuna mchicha wa karanga. Alinitazama kama mtu anayedanganywa. Nilipomweleza tunavyozitwanga na kuziunga kwa tui la nazi, akaanza kuniuliza vipimo. Kuanzia siku hiyo nilipanda cheo jikoni mle.

Maji ya maziwa sikuruhusiwa kuyamwaga. Aliyakandia unga wa chapati. Lile bonge la raba alilivuruga na kitunguu na manjano, likawa chakula chake cha jioni.

Wageni walifika wakiwa na njaa. Yule wa Mwanza alichota, akatafuna kipande cha jibini, akatulia, akachota tena kabla hajamaliza cha kwanza. Kuhusu Kwaresima hakurudia. Kaku alionja kwa kijiko mlangoni, akatoa hukumu kwa Kimarathi, "Meeth kami," yaani chumvi kidogo, kisha akaja na bakuli lake.

Saa 4 usiku nikampigia mama. Kwao ilikuwa saa 1 na nusu. Baada ya shikamoo nikamsimulia yote. Kimya kikawa kirefu hadi nikadhani salio limeisha.

"Lita nne," akasema hatimaye. "Umezikata mwenyewe, kwa mkono wako?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Na hilo jibini, huko wanauzaje kilo?"