Waya wa klachi ulipokatika njia ya Naliendele: siku yangu moja ya bodaboda Mtwara

Saa 11 alfajiri. Naamka Magomeni, adhana bado hewani. Namulika pikipiki kwa tochi ya simu: oili, cheni, breki. Nikibana klachi, ile inayoachanisha injini na gia, naona nyuzi mbili za waya zimechomoza pale kwenye mkono wa klachi, karibu na kile kichwa cha madini ya risasi kinachoushika waya. Nasema nitabadilisha mchana. Hilo ndilo kosa langu la leo, maana waya ukishaanza kufumuka haungoji mchana.

Saa 12. Kijiweni, stendi ya Mkanaledi. Abiria wa Shangani, kisha mwalimu wa Chuno. Hesabu ya bosi, pesa ninayompelekea mwenye pikipiki, imeanza kuonekana.

Saa 3. Mama mmoja amemaliza kuuza ming'oko yake, ile mizizi ya porini inayoliwa, mapema, namrudisha Mikindani. Kwenye mteremko wa kuingia ghuba klachi inakuwa nzito kidoleni. Naisikia, napita.

Saa 5. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu. Nifikishe shambani, mbele ya Naliendele." Ana mfuko wa salfa, dawa ya mikorosho, wa kilo 25. Ni Julai, mikorosho inachanua, na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ukiwahi maua msimu umekwenda. Tunaufunga mfuko kwa mpira, tunaondoka.

Tumeipita Naliendele kidogo, mbuzi wanakatiza. Nabana klachi, mkono unalala mpaka kwenye mshikio, hauna uzito wowote. Waya umekatika na niko gia ya pili. Nashika breki taratibu, nagusa mafuta kidogo sana, nagonga pedeli kwa kisigino: moja. Nagusa tena, nagonga tena: nyutro. Tunasimama injini ikinguruma.

Nikamweleza babu ukweli wote, kwamba waya umekatika na nitaendesha bila klachi, na kwamba akitaka nimwitie mwenzangu. Akatazama mfuko wake, akasema, "Kama unaijua, twende. Kama huijui, niambie." Ninaijua.

Barabara pale inateremka kidogo. Nikasukuma kwa miguu yote miwili, babu amekaa, mpaka tairi zikashika mwendo, ndipo nikakanyaga ya kwanza. Ikaruka kidogo, ikatulia. Kupanda gia ndiko kwepesi, na hapa wengi hawaelewi kinachotokea ndani. Gia zenyewe zimeshikana muda wote. Kinachohama ni meno manene ya ubavuni, yanayosukumwa na uma, kipande cha chuma chenye umbo la uma, yaingie kwenye nafasi za gia jirani. Mafuta yakiwa wazi, injini inayabana meno hayo na hayatoki hata ukanyage kwa hasira. Ukirudisha mafuta kidogo, ule mbano unaachia kwa kitambo kifupi mno. Kwa hiyo nauegemeza unyayo kwenye pedeli kwanza, mzito kiasi, halafu mkono unarudisha mafuta mara moja na kufungua tena. Pedeli inashuka yenyewe. Ya pili, ya tatu. Babu hakutikisika. Hata pikipiki za mashindano zina kifaa kinachokata moto wa injini kwa sehemu ndogo ya sekunde ili gia ipande bila klachi. Mimi nilikuwa naifanya kazi hiyo kwa kiganja.

Kushuka gia ndiko kwenye kazi. Lazima uinue mzunguko wa injini ulingane na mwendo wa tairi, la sivyo tairi la nyuma linakwama kidogo na kuteleza, na kwenye mchanga wa shambani huko ni kuanguka. Ndiyo maana nilimwacha babu pembeni ya lami, nikambebea mfuko kwa miguu hadi kwenye mikorosho yake. Aliniongezea 1,000 juu ya nauli. Nikaikubali.

Saa 8. Kwa fundi, Chikongola. Nimekuta injini ya dogo mmoja wa kijiweni imepasuliwa. Dogo huyu haishiki klachi mwaka mzima, anajisifia kwayo, tena akiwa na abiria wawili mlimani. Gia yake ya pili imekuwa ikichomoka yenyewe. Fundi akaniwekea ile gia kiganjani, bado ina oili ya moto. Meno ya ubavuni, ambayo kingo zake hutakiwa kuwa kali kama za patasi, yalikuwa ya mviringo kama sabuni iliyotumika. Na uma umepinda. Dogo alikuwa amekaa kwenye tairi, hasemi. Nilimhurumia kwa dhati. Ile ni hesabu ya wiki nyingi, na pikipiki si yake.

Waya mpya 5,000. Fundi akatia tone la oili ndani ya ala yake, akaacha mkono uwe na nafasi kidogo kabla haujaanza kuvuta.

Saa 12 jioni. Kijiweni tena. Nimenunua waya wa pili, nimeuviringisha chini ya kiti pamoja na spana namba 10. Dogo amekuja kwa miguu, anauliza babu alifikaje. Nimemkalisha kwenye pikipiki yangu, injini imezimwa, nikamwonyesha unyayo unavyoegemea pedeli kabla mkono haujarudisha mafuta.

"Kumbe mguu unatangulia," akasema.

"Mguu unatangulia. Na unafanya hivyo waya ukikatika tu."

Basi likaingia, nikawasha.