Paka mwenye FIV akianza kuyumba: mambo ninayoyaondoa kwanza

Paka akishapimwa na kukutwa na FIV (virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka), ugonjwa wowote utakaofuata mwenye paka atausukumia virusi hivyo. Mimi huviweka mwisho wa foleni. Ubongo ulioharibiwa na virusi vyenyewe hauna dawa ya uhakika, lakini mengi yanayofanana na hali hiyo yanatibika.

Huanza kwa kuuliza kama amechanjwa kichaa cha mbwa. FIV huambukizwa zaidi kwa kung'atwa, na kichaa vilevile. Paka asiyechanjwa aliyegeuka mkali ghafla, anayetokwa mate na kuyumba, simshiki kinywa, namtenga kwanza.

Kisha nauliza: amepakwa nini, anakula nini? Dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini humtetemesha paka ndani ya saa chache kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja vizuri. Huyo aoshwe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu (ya moto huongeza sumu kupenya ngozini), kisha afikishwe kliniki mara moja. Anayelishwa samaki wabichi kila siku anaweza kupungukiwa vitamini B1, maana baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoiharibu. Mboni hutanuka, kichwa huinamia kifuani. Sindano za tiamini zikiwahi, nafuu huonekana upesi.

Yakishapita hayo ndipo nachukua tochi na kuzima taa. Mboni zisizolingana au zinazochelewa kusinyaa, usingizi uliovurugika, kusahau sanduku la mchanga, uso kucheza wenyewe: hapo FIV inaingia kwenye hesabu. Virusi hufika kwenye ubongo mapema, vikibebwa na chembe nyeupe za damu, na kukaa ndani ya mikroglia na astrositi, seli zinazolinda na kuhudumia ubongo. Nyuroni zenyewe, yaani seli za neva, haziambukizwi kwa kiasi cha maana; zinaumizwa na uvimbe na glutamati (kemikali ambayo seli hizo hupashana habari kwayo) iliyozidi. Ndiyo maana dalili huja polepole, na zikija ghafla nazidi kutafuta kitu kingine.

Hata majibu ya kipimo nayahoji. Kipimo cha haraka husoma kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi), si virusi vyenyewe, na mtoto wa paka chini ya miezi 6 huenda amezipata kwa mama yake. Aliyeng'atwa juzi narudia kumpima baada ya siku 60.

Nikishuku toksoplazma, kimelea ambacho kinga ikishuka huamka, natoa antibiotiki ya klindamaisini miligramu 10 hadi 12.5 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12, kwa wiki 4. Kidonge kifuatwe na mililita 5 za maji. Kikikwama kooni huchoma umio. Predinisoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, siigusi kabla ya hapo, inashusha kinga zaidi.

AZT, dawa ileile ya binadamu wenye VVU, natumia miligramu 5 kwa kilo kila saa 12, na damu napima kila wiki mwezi wa kwanza. Hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) ikishuka chini ya asilimia 20, naisimamisha.

Wenye degedege linalojirudia hupewa fenobabitali miligramu 2 kwa kilo kila saa 12, na kiwango chake kwenye damu napima baada ya wiki 2. Dozi isikatwe ghafla hata kama paka anaonekana amepona: degedege hurudi, na mara nyingi kali kuliko la mwanzo.