Nilivyosoma dini chuo cha kanisa bila kwenda uchungaji

Ukisema unasoma dini kwenye chuo cha kanisa, swali huwa ni lilelile: "Kwa hiyo utapangiwa usharika gani?" Mimi baba mdogo aliniuliza stendi ya Makambako, begi langu likiwa tayari kwenye buti la basi la Iringa. Nikamwambia naenda kusomea ualimu, dini ni somo mojawapo tu. "La nini tena, mwanangu, na Kipaimara ulishamaliza?"

Sikuwa na jibu. Iringa mjini kuna Chuo Kikuu cha Iringa cha KKKT, kanisa la Walutheri, na Chuo Kikuu cha Ruaha cha Wakatoliki, na huhitaji cheti cha ubatizo kuingia darasani. Kwenye kundi letu walikuwemo Waislamu, Wapentekoste, na wale ambao Jumapili ni siku ya kufua. Tulitegemea kuhubiriwa. Mhadhiri akaanza kwa kutukataza kuandika kwamba dini fulani ni potofu. Kwanza, alisema, eleza dini ya mwenzako mpaka mwenyewe akikusikia akubali kuwa ndivyo ilivyo. Kuhukumu utahukumu baadaye, ukitaka.

Ni rahisi kusema. Kikundi chetu kilipewa Kalenga, kijiji karibu na Iringa mjini, penye makumbusho ya fuvu la Mkwawa.

Habari ya fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, tunaijua tangu shule ya msingi. Mwaka 1898 alijipiga risasi ili asikamatwe, Wajerumani wakamkata kichwa. Fuvu likatajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na bado halikurudi mpaka 1954, Gavana Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Hayo unayapata makumbusho palepale. Sisi tuliulizwa kingine: wanachofanya watu wa ukoo mbele ya lile fuvu, je, ni dini?

Mwenzetu mmoja alikuja na sentensi ya kwanza akiwa ameshaiandika bwenini: Wahehe huabudu mababu. Mimi nilimwomba tusubiri. Tulipelekwa kwa mzee mmoja wa pale, Mwislamu, kofia kichwani. Tulisalimia shikamoo, tukakaribishwa kwenye mkeka. Maswali ya "mnaamini nini" hayakutufikisha mbali, alijibu kwa adabu kama mtu anayejaza fomu. Nikabadili. Nikauliza wanakuja lini, nani hutangulia, nani haruhusiwi kusema, wakimaliza wanakula nini. Hapo mzee akafunguka, akaongea mpaka adhana ya alasiri ikamkatisha. Aliporudi kutoka kuswali, yule mwenzetu akaulizia kuabudu.

"Kaburi la babu yako unalifagia?" mzee akamuuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Kabla ya Pasaka mnapaka chokaa?"

"Tunapaka."

"Haya. Unaliabudu?"

Sentensi ya bwenini ikaishia hapo. Ripoti tuliiandika kwa Kiingereza, kama chuo kinavyotaka, lakini kabla ya kuikabidhi nilipanda daladala nikarudi Kalenga peke yangu, nikamsomea mzee kwa Kiswahili, aya kwa aya. Kazi hiyo hakuna aliyeniagiza. Alinikatisha pale tulipoandika "Wahehe". Wahehe wa wapi? Wengine ni Walutheri kama wewe, hawaji kabisa. Andika ukoo wetu, akasema, na wengine waulize wenyewe. Nikarekebisha. Kwangu mimi marekebisho hayo yalizidi mihadhara ya nusu muhula, ingawa maksi zake zilikuwa za kawaida tu.

Kuna waliohofu kwamba somo hili linamaliza imani. Yangu haikuisha; bado naimba kwaya, sauti ya pili. Naona hata kanisa lina faida hapo. Babu zetu Ubena, huku Njombe, walibatizwa na wamisionari wa Berlin, ambao wengi wao walikuja wakiwa na hukumu tayari kuhusu mambo ya wazee. Ni vizuri chuo cha kanisa hilohilo kikimfundisha mtu kuuliza kwanza.

Sasa nafundisha sekondari mkoani Njombe. Muhula uliopita mtihani wa majaribio wa fizikia uliangukia Jumamosi, na wanafunzi kadhaa Wasabato hawakutokea. Kwenye kikao wakaandikwa watoro. Niliomba tuwaite, nikawauliza kama nilivyouliza Kalenga: inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi, kitu gani hakifanyiki. Wakaeleza: tangu jua linapozama Ijumaa mpaka linapozama Jumamosi. Mwalimu wa taaluma akafungua ratiba. Wakafanya Jumapili saa tisa alasiri, na mwalimu wa fizikia, Mkatoliki wa misa ya kwanza, akasimamia mwenyewe.