Siku Chama Kiliposoma Mkataba Wangu

Bahasha ilikuja na basi la jioni kutoka Dar es Salaam, mwaka 2009. Ndani mlikuwa na mkataba wa kurasa nne na barua fupi ya mchapishaji: hadithi zangu za watoto zimekubaliwa, nitie saini nakala zote mbili na kurudisha moja, nitalipwa shilingi 300,000 kwa mkupuo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na pesa hiyo kwangu ilikuwa pesa. Nyumbani walipiga vigelegele. Kaka yangu akasema nisicheleweshe, watu wa Dar hawana subira, wasije wakachukua hadithi za mwingine.

Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi ya chama.

Tawi letu la waandishi lilikutana katika darasa la shule moja ya Ngamiani, baada ya swala ya alasiri. Wengi walikuwa washairi, na si ajabu kwa mji huu: Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani tu na hapa, mwaka 1909, na wazee wetu wawili walikuwa wamepitia UKUTA, kile chama cha washairi kilichoanzishwa 1959. Utaratibu wa kikao haukubadilika. Mwenye shairi analisoma kwa sauti, kisha mtu mwingine analisoma tena, polepole, huku Katibu akigonga mizani mezani kwa kidole: minane, kisha minane. Mshororo ukizidi silabi moja, kidole kinasimama. Hakuna anayesema neno. Mwenye shairi mwenyewe anajua arudi wapi. Nimemwona mtu mzima, mtunzi wa miaka mingi, akikaa na mshororo mmoja mpaka magharibi.

Watu huniuliza chama kina faida gani, maana ada unalipa na posho huioni. Wengi walijiandikisha, wakapewa kadi, wakasubiri kuitwa. Hawakuitwa, wakaacha kuja. Nawaelewa, ila naona walisimama mlangoni wakidhani wameshaingia. Mimi nilishika daftari la kumbukumbu za vikao, na kwa kuwa shuleni kwetu kulikuwa na kompyuta, nilikuwa nawachapia miswada wazee walioandika kwa mkono. Kwa kazi hiyo nilizijua hati zao, nikajua nani anarudia neno gani na nani anaogopa kumaliza hadithi. Na wao wakanijua. Naamini ndiyo maana siku ile hawakunihesabia muda.

Zamu yangu ilipofika nilisema, "Leo sina hadithi. Nimeletewa mkataba, naomba tuusome."

Mwenyekiti akanyoosha mkono, akaupokea, akaupitia kurasa zote bila kusema kitu, akampa Katibu. "Usomwe kama linavyosomwa shairi," akasema.

Katibu akavaa miwani. Kifungu cha kwanza kilipita. Cha pili kilisema kwamba mwandishi anampa mchapishaji haki zote za kazi hii, kwa lugha zote, katika nchi zote, na kwa muundo wowote uliopo au utakaobuniwa baadaye. Kidole kikasimama mezani.

"Mpaka lini?" akauliza.

Nikafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Hapakuwa na muda wowote uliotajwa.

"Basi ni moja kwa moja." Akaeleza kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mwandishi inadumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufariki. Mwenyekiti akainuka, akachukua kipande cha chaki, akaandika ubaoni 1962, mwaka aliofariki Shaaban Robert. Chini yake akaandika 50, akajumlisha: 2012.

"Leo ni 2009," akasema. "Mzee yuko kaburini miaka 47 na sheria bado inahesabu. Wewe, mwanangu, una wajukuu ambao hawajazaliwa. Unawauzia haki yao kwa laki tatu?"

Bwana mmoja wa nyuma akapinga. Alisema kitabu cha kwanza ndicho kinachofungua mlango, kwamba mwandishi asiye na jina hana cha kujadili, na muswada ulioko kabatini haulipi mrabaha wowote, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa. Hakunyamazishwa, na hoja yake ilikuwa na uzito. Walijadiliana kwa sauti, wawili wakasimama kabisa, na mimi niliyezoea kuandika kila neno la kikao nikaiweka kalamu chini.

Aliyewatuliza alikuwa Mhazini, mama mmoja mwalimu mstaafu. Aliomba karatasi akapiga hesabu mbele yetu. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 3,000. Tuseme wanachapa nakala 3,000. Mrabaha ukiwa asilimia 10 ya bei, zikiisha zote ni 900,000, na hapo hawajarudia kuchapa hata mara moja. Kisha akatusimulia habari ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia kwake. Zamani aliuza kitabu chake kidogo cha hadithi kwa mkupuo, akapewa pesa iliyotosha kununua mabati. Kitabu kikachapwa, kikachapwa tena, shule zikakinunua. Siku moja mjukuu wake akatumwa na mwalimu wake kukinunua. Bibi na mjukuu wakaenda pamoja dukani.

"Nilifurahi kuliona jina langu kwenye jalada," alisema. "Halafu nikafungua pochi, nikalipa kama mteja mwingine yeyote."

Darasa zima lilinyamaza. Hata yule bwana wa nyuma akaketi.

Tukaendelea. Kifungu kilichonishtua zaidi aligundua kijana mmoja wa bandarini, aliyekuwa akiandika riwaya yake usiku baada ya zamu. Kilikuwa kimebanwa katikati ya maelezo ya kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa: muswada wangu utakaofuata niwapelekee wao kwanza, kwa masharti yale yale. Nje tayari giza lilikuwa limeingia, mtu akawasha taa. Katibu akageukia yale yasiyokuwemo, na hapo ndipo nilipoona ukali wa akili yake. Kitabu kitatoka ndani ya muda gani? Kisipotoka, haki zinarudi kwa nani? Mwandishi atapewa nakala ngapi za bure? Taarifa ya mauzo italetwa lini? Mambo hayo yote, mkataba haukuyagusa.

Barua ya majibu tuliiandika palepale. Katibu alikuwa na sharti moja: "Usimgombeze, wala usimwombe. Mweleze unachokubali, kisha unachotaka kibadilishwe." Jumatatu ikapanda basi.

Kukawa kimya kirefu, na nyumbani kaka yangu hakuacha kunikumbusha. Hatimaye bahasha nyingine ikaja. Walikubali mrabaha wa asilimia 10, taarifa ya mauzo mara moja kwa mwaka, na kitabu kitoke ndani ya miaka miwili, la sivyo haki zinarudi kwangu. Kile kifungu cha muswada unaofuata walikifuta. Kwenye tafsiri walikataa katakata kuniachia haki zote, wakataka tugawane nusu kwa nusu. Na asilimia yenyewe ilikuwa ya mapato halisi ya mchapishaji, si ya bei ya dukani. Mhazini akatueleza tofauti: duka linakatiwa punguzo lake kwanza, na asilimia yako inahesabiwa kwenye kilichobaki. Kwa hiyo ile 900,000 ya kwenye karatasi yake isingefika. Hata hivyo wote walisema nitie saini, akiwemo Katibu, nikatia.

Kisha Katibu akaniomba nakala moja ibaki kwenye chama. Nilikubali. Tulipotoa kopi tulifunika majina na anwani kwa vipande vya karatasi, masharti yakabaki. Nikapendekeza kila aliyewahi kutia saini mkataba alete wake. Baadhi walisita. Malipo ya mtu ni siri yake, walisema, na wengine hawakutaka ijulikane walipewa kidogo kiasi gani. Mhazini ndiye aliyevunja ukimya: kikao kilichofuata alikuja na mkataba wake wa zamani, ukurasa mmoja tu, stempu ya ushuru bado imebandikwa pembeni. Baada ya hapo ikawa rahisi.

Faili nilikabidhiwa mimi. Tuliafikiana kwamba haliazimwi wala halitoki darasani. Mwenye mkataba mpya anakuja nao Jumamosi, anauweka mezani karibu na ile mingine, na watu wawili wanausoma naye kifungu kwa kifungu, kwa sauti.