Nilivyotengeneza hadithi ya kuchagua kuhusu wanafunzi wa jamii za asili Kanada, na kwa nini msomaji tulimpa cheo cha mwalimu

Mtu akiniuliza kazi gani huku Kanada naona imenifundisha kitu, namtajia hii ya hadithi ya kuchagua. Yani hadithi ambayo husomi tu mpaka mwisho, inafika mahali inakusimamisha, inakupa njia mbili tatu, unabonyeza moja na mambo yanafuata ulichobonyeza. Mi nipo Winnipeg, jimbo la Manitoba, nasaidia walimu wa chuo kikuu kuandaa kozi za mtandaoni, na idara ilitaka kitu kitakachowafanya walimu na wanafunzi wengine waelewe wenzao wa jamii za asili wanapitia nini chuoni, hapa nazungumzia makundi matatu: First Nations (mataifa ya asili yenye jamii nyingi ndani yake), Inuit wa kaskazini kabisa, na Métis, ambao asili yao ni mchanganyiko wa jamii za asili na Wazungu.

Ngoja niweke msingi kwanza maana bila huo mengine hayaeleweki. Kwa zaidi ya karne moja serikali na makanisa walikuwa wanachukua watoto wa jamii hizi wanawapeleka shule za bweni, zaidi ya watoto 150,000 walipita huko, wakakatazwa lugha zao, wengi wakateswa, maelfu wakafia hukohuko, na shule za mwisho zimekuja kufungwa miaka ya 1990, kwaiyo mwanafunzi aliyeko darasani leo bibi yake au hata mama yake anaweza kuwa alisoma huko. Alafu kuna hii iliyonishangaza kuliko zote, sheria ya mwaka 1876 ya kuwasimamia First Nations ilisema ukipata digrii ya chuo kikuu basi mbele ya sheria wewe sio mtu wa jamii yako tena, hadhi yako na haki zake zinaondoka. Ukoo uliopitia hayo uende uwaambie elimu ni ukombozi, watakuangalia tu. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza hizo shule za bweni, ikatoa miito 94 ya kuchukua hatua, na wito wa 63 unataja kabisa kuwajengea wanafunzi uwezo wa kuelewana, kuhurumiana na kuheshimiana. Vyuo vingi ndo vikaamka hapo.

Sasa wazo la idara lilikuwa la kawaida tu: msomaji awe ndo mwanafunzi, anatoka kijiji cha kaskazini, anafika mjini, anabaguliwa, anakosa hela, analia. Tukaita wanafunzi wenyewe tuwaoneshe mchoro na wakaukataa. Dada mmoja Mcree (Wacree ni moja ya jamii za First Nations) akasema, bila hata kupandisha sauti, "Kwaiyo mtu atacheza wakati anakunywa kahawa yake, alafu atoke anasema nimekuelewa?" Mwenzake akaongeza kwamba kila wanapotajwa wanatajwa kwa majonzi tu, hakuna anayeandika kwamba wanacheka, wana mabendi, wanabishana kuhusu hoki mpaka usiku. Kwa kweli walikuwa na haki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mchezo wa kompyuta haukulazi kwenye kitanda cha mtu, unakuonesha picha ya kitanda.

Basi tukageuza, na hapa ndo penye siri yote ya hii kazi. Msomaji hawi mwanafunzi, anakuwa lekchara. Kiti anachokalia kila siku, imeili zilezile anazopokea, uchovu wake uleule wa mwisho wa muhula. Mwanafunzi unamuona kwa jicho la lekchara tu, hujui anawaza nini, na maamuzi unayofanya ni yale ambayo kweli yako mikononi mwako. Kwa maoni yangu huruma ya kujifanya wewe ni mtu mwingine inaisha ukifunga kompyuta, ila mtu akiona uamuzi wake mwenyewe ulimfikia vipi mwenzake, hiyo anaondoka nayo.

Kwa upande wa ufundi nilitumia Twine, ni programu ya bure, inafunguka kwenye brauza, huhitaji kujua sana kuandika programu za kompyuta. Kila kipande cha hadithi ni kiboksi, ukiandika jina la kipande kingine ndani ya mabano mraba mawilimawili inajitengeneza linki na mshale unaonekana kabisa kwenye ramani. Kuna sehemu ya kuhifadhi alichochagua mtu, mfano kama alijibu imeili kwa upole au kwa kanuni, ili baadae hadithi ikumbuke. Ukimaliza inakupa feili moja tu unaituma popote. Ushauri wangu msifungue matawi mengi, yataota kama magugu na hamtamaliza kuandika. Matawi yawe machache yanayoachana na kukutana tena, ila yanapokutana yawe na kumbukumbu.

Nielezee tukio moja vizuri. Ni usiku, una rundo la kusahihisha, inaingia imeili ya mwanafunzi, mistari mitatu tu. Mjomba wa mama yake amefariki, anarudi nyumbani, hatakuwepo kwenye mtihani wa Alhamisi. Chini yake machaguo: umtumie linki ya fomu ya msiba, umuombe cheti cha kifo, au umjibu pole kwanza alafu mengine kesho. Wengi wanachagua fomu, na sio kwamba ni watu wabaya, fomu ndo utaratibu. Sasa ukiifungua fomu inauliza uhusiano wako na marehemu, na orodha ina mzazi, mke, mume, mtoto, kaka, dada, basi. Msomaji wa kwetu hapo ameshaelewa tatizo, mjomba wa mama aliyekulea unamuweka wapi? Alafu hadithi haikwambii kitu mpaka baadae kabisa, ndo unakuja kujua kijiji hakina barabara ya kudumu, kuna barabara ya barafu inayofunguka wiki chache za baridi kali na nje ya hapo ni ndege ndogo, na ndege ikikatazwa na hali ya hewa watu wanasubiri. Ulivyokuwa unamdai cheti, mwenzio alikuwa bado amekaa uwanjani.

Tukio la pili ni darasani. Mada ni shule za bweni na darasa zima linageuza shingo kumwangalia mtu mmoja. Unaweza kumuuliza "wewe unaonaje?", unaweza kuendelea kama hujaona, unaweza kumuuliza swali mtu mwingine. Walimu wengi wenye nia njema walimuuliza, wakidhani wanampa nafasi. Wanafunzi waliosaidia kuandika hiyo sehemu walisisitiza chaguo hilo libaki na liandikwe kwa upole kabisa, kwa sababu hivyohivyo ndo linavyowafika.

La hela tukaliweka kwenye mdomo wa mwanafunzi mwingine korido, "si nyie mnasoma bure?" Sio kweli. Kuna fungu la serikali kuu, kwa First Nations wenye usajili, yani walioandikishwa rasmi na serikali, mara nyingi linapitia kwa jamii zenyewe, na kuanzia 1996 ongezeko lake liliwekewa ukomo wa asilimia 2 kwa mwaka kwa miaka mingi huku vijana wakiongezeka, kwaiyo jamii inabidi ichague nani aende na nani asubiri. Métis na wasio na usajili hilo fungu haliwahusu kabisa.

Mwisho wa hadithi ndo sauti zinaingia. Yale matukio uliyoyaona kutoka kitini kwako, wanafunzi wenyewe wanasema kilichokuwa kinaendelea upande wao, wamejirekodi, dakika moja moja hivi. Na kuna kuchekesha pia, kijana mmoja anaeleza alivyojificha chooni kukwepa kupigwa picha ya kalenda ya chuo.

Kuhusu adabu ya kazi, hapa sikuwa na haraka na nashauri asiharakishe mtu. Bibi mmoja mzee wa jamii ndo alikuwa mshauri wetu, na kwa utaratibu wa Wacree na Waanishinaabe, jamii nyingine ya First Nations wa huku, huendi kumuomba mzee maarifa mikono mitupu, unampelekea tumbaku, mi nilifungashiwa kidogo kwenye kitambaa na dada wa ofisi ya wanafunzi wa asili akanielekeza namna ya kuitoa. Bibi akaipokea alafu swali lake la kwanza likawa, "Na wewe mjukuu, kwenu wapi?" Tukaongea habari za kwetu kwanza, za kazi zikaja baadae sana. Akatuambia kuna hadithi zinasimuliwa wakati wa theluji tu na hizo tusiziguse, tubaki na mambo ya chuo. Wanafunzi walilipwa kama waandishi, na kwa misingi ya OCAP, ambayo First Nations wanaitumia kwenye mambo ya taarifa zao, umiliki na udhibiti vinabaki kwao, rekodi sio za idara. Mmoja ameshaomba yake itolewe, hatukumuuliza sababu, tukaitoa.

Kwenye majaribio kuna mwalimu mmoja alikasirika. Akasema mimi ningemuomba cheti mwanafunzi yeyote, sibagui. Na ni kweli habagui, fomu yake ndo inabagua, na ubishi wa hilo peke yake ulichukua muda mrefu kuliko hadithi yenyewe. Ndo maana siku hizi siitumi kwa linki tu mtu akacheze peke yake, lazima kuwe na kikao baada yake na mtu wa kukiongoza, na wanafunzi wa asili hawalazimiki kuhudhuria kuja kujibu maswali.

Sasa hivi tunaandika sehemu ya dirisha la ada, ambapo msomaji anakuwa karani. Wanafunzi wana stori nyingi hapo kuliko za darasani, ila makarani wenyewe bado hawajapewa ruhusa ya kukaa na sisi saa za kazi, kwaiyo tumeandika upande mmoja tu na mwingine tumeuacha wazi kwenye ramani.