Kitabu changu cha kwanza kilivyokaribia kuwa cha pili

Mhariri wangu aliponipigia kuniambia kwamba riwaya yangu haitapelekwa kwenye tuzo, nilipumua. Niliguna kidogo ili nisionekane sijali, nikamwambia "basi, riziki," lakini nilipokata simu nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Tuzo ile ilikuwa ya vitabu vya kwanza tu. Na mimi nilikuwa na kijitabu cha zamani ambacho sikuwahi kumtajia mtu yeyote pale kwa mchapishaji.

Nieleze kwanza mambo yanavyokwenda, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Nilidhani mwandishi anakibeba kitabu chake kwapani na kukipeleka. Kumbe tuzo nyingi za vitabu vilivyokwisha kuchapishwa humsikiliza mchapishaji, si mwandishi. Yeye ndiye anayejaza fomu, anayetuma nakala za kila jaji pamoja na PDF, na anayetia saini kwamba kitabu kimetoka ndani ya muda uliowekwa. Na mara nyingi hana ruhusa ya kupeleka vyote alivyonavyo. Wetu alipewa nafasi mbili, na mwaka ule alikuwa na waandishi wapya wanne. Hesabu ni hiyo: wawili walikatwa kabla jaji yeyote hajafungua ukurasa wa kwanza. Mimi nikiwa mmoja wao.

Lililo kali katika tuzo za aina hii ni kwamba hazina "mwaka ujao". Ukikosa tuzo ya riwaya bora, andika nyingine. Ukikosa ya kitabu cha kwanza, ndiyo basi tena, kwa sababu huwezi kuandika kitabu cha kwanza mara mbili. Ndiyo maana mchapishaji anapochagua wawili kati ya wanne kuna watu wanalia kimyakimya.

Wiki mbili baadaye simu ikalia tena.

"Kaka, nafasi imepatikana."

Mmoja wa wale wawili waliochaguliwa alikuwa amegundulika kuwa na riwaya fupi ya zamani, aliyoitoa kwa jina jingine. Alisema alisahau. Mhariri alikuwa anacheka kwa hasira, ile ya mtu aliyekwisha kubandika anwani kwenye bahasha. Siku zilikuwa zimebaki sita.

"Wewe huna mambo kama hayo, sivyo?"

Nikameza mate. "Dada, nikupigie baada ya dakika kumi?"

Akanyamaza. Wahariri wanajua kusoma nafasi kati ya sentensi. Ndiyo kazi yao. "Kumi tu," akasema.

Kijitabu chenyewe kilikuwa cha mashairi. Kurasa 32, zimebanwa kwa pini mbili za chuma katikati, jalada la karatasi ya kijani isiyo na picha. Nilikilipia mwenyewe, nakala 100, miaka tisa kabla. Nyingi niligawa bure. Mashairi yalikuwa mabaya kwa namna ya pekee: vina vimetimia, mizani imetimia, na ndani hamna kitu. Lakini lililonitia hofu halikuwa ubaya wake. Kwa mbwembwe za ujana wangu (nilikuwa na miaka 37, lakini katika uandishi huo ni ujana) nilikiombea namba ya ISBN, ile inayotambulisha kila kitabu duniani. Kitu chenye ISBN hakifichiki. Mtu yeyote anayejua kutafuta angekipata, pamoja na jina langu.

Katika dakika zile kumi nilifanya jambo nililopaswa kulifanya miezi mingi nyuma: nilisoma kanuni. Hazikusema "kitabu cha kwanza" na kuishia hapo. Zilisema mwandishi awe hajawahi kuchapisha kitabu kizima cha bunilizi ya nathari, yaani hadithi za kubuni zisizo za kishairi, na zikamtaka mchapishaji ataje chapisho lolote la awali, la aina yoyote. Sentensi ya kwanza ilinifungulia mlango. Ya pili ilinitaka niseme.

La kuvunda halina ubani. Nikampigia, nikamweleza yote, hadi pini za chuma. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Kuna hadithi hata moja humo?" Hakuna. "Basi andika barua leo. Mimi nitaituma na fomu."

Usiku ule nilisoma kuhusu tuzo za namna hii kuliko nilivyowahi kusoma kuhusu jambo lolote, nikijitafutia utetezi. Nikakuta kila mmoja anahesabu "kwanza" kwa vidole vyake. Gazeti la Guardian la Uingereza lilikuwa na tuzo ya kitabu cha kwanza kuanzia 1999, na lilichanganya bunilizi na visivyo bunilizi. Mshindi wa kwanza kabisa, Philip Gourevitch, alishinda kwa kitabu kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda. Marekani kuna PEN/Hemingway, iliyoanzishwa 1976 na Mary Hemingway, mjane wa mwandishi Ernest Hemingway, ambayo inatazama bunilizi: riwaya au mkusanyo wa hadithi fupi. Ya Betty Trask inataka riwaya ya kwanza, lakini mwandishi awe chini ya miaka 35. Hiyo niliifunga haraka. Nilikuwa na 46.

Norway nilipapenda zaidi. Mwaka 1964 mwandishi Tarjei Vesaas alichukua fedha za tuzo aliyopewa na Baraza la Nordic, chombo cha ushirikiano cha nchi za kaskazini mwa Ulaya, akaziweka kuwa mfuko wa kuwatuza wanaotoa kitabu cha kwanza. Mzee amefika kileleni, anageuka na kuwashushia ngazi walio chini. Nilikaa na habari hiyo muda mrefu kuliko ilivyonisaidia kwenye kesi yangu.

Iliyonisaidia ni ya Teju Cole, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. PEN/Hemingway ya 2012 ilikwenda kwa riwaya yake ya Open City, ilhali tangu 2007 alikuwa na kitabu kingine cha bunilizi kilichochapishwa Nigeria. Nilitaka kukiweka kisa hicho kwenye barua yangu kama wakili anavyotaja hukumu ya zamani.

Rasimu yangu ya kwanza ilijaa ukurasa mzima. Nilieleza hali niliyokuwa nayo miaka ile, nikaomba radhi mara tatu, nikamtaja Cole, nikasema mashairi yenyewe siyajali. Mhariri aliirudisha ikiwa imekatwakatwa kwa rangi nyekundu. Pembeni ya aya ya radhi aliandika: "Umemkosea nani?" Pembeni ya Cole: "Hawakuuliza." Ilibaki mistari mitano: jina la kijitabu, mwaka, idadi ya kurasa, idadi ya nakala, kwamba nilikilipia mwenyewe, kwamba ni mashairi matupu, na kwamba nakala inaambatanishwa.

Nakala. Sikuwa nayo hata moja. Nilizichoma nne za mwisho nilipoanza kuandika riwaya, kitendo nilichokiona cha kishujaa siku ile na cha kijinga siku hii. Nikaanza kuwapigia marafiki wa zamani. Wa kwanza hakukumbuka kabisa. Wa pili alikumbuka mpaka shairi moja, akanighania kwenye simu, nikamwomba anyamaze. Wa tatu akasema, "Kile cha kijani? Ninacho, kipo karibu na simu."

Kilikuwa karibu na simu kwa sababu alikuwa amekigeuza daftari. Nyuma ya jalada kulikuwa na namba za watu, zimeandikwa kwa kalamu za rangi tofauti, nyingine zimekatwa. Ndani, kando ya shairi langu refu kuliko yote, kulikuwa na hesabu ya kugawanya. Alikuwa amekitumia kwa miaka tisa, ambayo ni zaidi ya msomaji yeyote niliyewahi kumpata. Nilikiazima, nikapiga picha jalada na ukurasa wa hakimiliki, nikakunja karatasi juu ya zile namba zisionekane, nikatuma.

Jibu la katibu wa tuzo lilikuja siku moja kabla ya mwisho. Sentensi mbili: wameona chapisho la awali, na kitabu kimekubaliwa. Nilijiandaa kwa shauri, nikapewa risiti.

Fomu ilibakiza jambo moja, maneno 50 kuhusu mwandishi. Mtu wa masoko aliniandika "mwandishi chipukizi". Nilikaa nalitazama hilo neno. Chipukizi ni kitu kibichi, kinachovunjika ukikigusa. Mimi nina mvi na miwani miwili. Nikataka kulifuta, kisha nikaliacha. Katika nathari nilikuwa na riwaya moja. Nilifuta "anayekuja kwa kasi", maana hiyo ilikuwa uongo wa wazi. Riwaya ile ilinichukua miaka saba.

Kusubiri sina la kusema. Unasubiri. Orodha ndefu ilipotoka vilikuwamo vitabu 12, na changu kilikuwamo. Nilisoma jina langu, nikasoma la juu yake na la chini yake, nikarudia langu kuhakikisha herufi zote zipo. Orodha fupi ilikuwa ya wanne, na sikuwamo. Iliniuma kwa siku kama tatu. Kisha nikanunua vile vinne, nikavisoma. Viwili vilikuwa bora kuliko changu bila ubishi, kimoja tulilingana, na cha nne mpaka leo nina maneno nacho, ila nitayasema nikiwa mezani na watu ninaowaamini.

Orodha ndefu peke yake ilifanya kazi ambayo sikuitarajia. Mchapishaji alichapa nakala nyingine, za kwanza zilipoanza kupungua. Na jaji mmoja, baada ya mambo kwisha, aliniandikia aya moja kupitia kwa mhariri kuhusu sura ya tano: kwamba mhusika wangu anaingia chumbani mara mbili bila kutoka. Nilikwenda kuangalia. Kweli. Watu wanane walikuwa wameisoma sura ile kabla yake, pamoja nami mara zisizo na idadi. Tulimtoa chumbani katika chapa ya pili.

Mwandishi yule wa jina jingine, aliyeniachia nafasi bila kukusudia, tulikutana baadaye kwenye hafla ya vitabu. Nilimweleza habari ya kijitabu changu. Akaniuliza kama mimi nilisahau. Nikamwambia hapana, niliogopa tu. Akasema na yeye hakusahau.

Rafiki yangu alinipigia wiki iliyopita. Anakitaka kijitabu chake, hana haja na mashairi, ila kuna namba ya fundi nyuma ya jalada na bomba linavuja.